Mtoto Anayeuliza Asinyamazishwe

Mtoto akianza kupambanukiwa, huuliza yale yale ambayo mabingwa wa sayansi bado wanayahangaikia: tumetoka wapi, na huko juu kuna nani? Katika nyumba nyingi hujibiwa kwa mkato: "Nyamaza, hayo si mambo ya watoto." Mara nyingine ni uchovu wetu, mara nyingine ni haya ya kukiri kwamba hatujui. Kwa vyovyote vile, mzazi anayemziba mtoto mdomo namna hiyo amepunguza malezi.

Tutazame wenye elimu wanavyoyashughulikia maswali hayo. Septemba 2016, NASA, shirika la anga za juu la Marekani, lilirusha chombo kiitwacho OSIRIS-REx kuifuata asteroidi Bennu, jiwe lenye upana wa karibu mita 500 linalozunguka jua. Oktoba 2020 chombo hicho kiligusa uso wa Bennu kwa sekunde chache na kuchota kokoto na vumbi. Septemba 24, 2023, mzigo ulitua kwa parachuti katika jangwa la Utah. Safari ya miaka saba ilileta gramu 121.6.

Hata kuufungua mzigo kulitaka subira. Huko Houston ulikopelekwa, skrubu mbili kati ya 35 zilizoufunga zilikataa kulegea. Wataalamu hawakulazimisha. Walibuni zana mpya, wakazijaribu kwanza pembeni, na Januari 2024 skrubu zikatoka. Kazi hiyo waliifanya wakiwa wameingiza mikono katika glavu za kisanduku kilichojaa naitrojeni, ili hewa ya duniani isichafue vumbi lile na kuleta majibu ya uongo.

Januari 2025 matokeo yalitangazwa. Ndani ya vumbi mlikuwa na amino asidi 14 kati ya 20 ambazo viumbe wa duniani hujengea protini, pamoja na besi zote tano zinazobeba taarifa za urithi katika DNA na RNA. Kulikuwa pia na chumvi zilizoachwa na maji yaliyokauka zamani sana. Watafiti hawakudai kwamba wamepata uhai. Walisema wamepata malighafi yake. Jinsi malighafi hiyo inavyogeuka kuwa kiumbe hai bado ni swali.

Kuhusu swali la nani yuko huko juu, Aprili mwaka huo huo wanasayansi walioongozwa na Nikku Madhusudhan wa Chuo Kikuu cha Cambridge walitumia darubini ya James Webb kuichunguza sayari K2-18b, iliyo umbali wa miaka ya nuru ipatayo 124. Walisema wameona dalili za gesi ambayo hapa duniani hutolewa hasa na viumbe wadogo wa baharini. Wenzao walizipiga upya hesabu zile zile na kusema ushahidi hautoshi.

Hayo ndiyo ya kumfundisha mtoto: kudai kwa ushahidi, kukubali kukaguliwa, na kutenganisha "huenda" na "imethibitika". Mtoto aliyekulia katika adabu hiyo hatababaishwa na kila uzushi unaosambazwa kwenye simu. Aliyenyamazishwa nyumbani ataipeleka kiu yake huko huko kwenye simu, na atajibiwa na yeyote.

Mzazi mcha Mungu naye asihofu. Kujua jiwe limeundwa kwa nini hakumzuii mtoto kumshukuru Muumba wake. Wala malezi haya hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji mzazi aseme, "Sijui mwanangu, tukamuulize mwalimu," kisha kweli waende. Yanahitaji pia binti asiitwe jikoni kila anapouliza, huku kaka yake akisikilizwa.

NASA imepanga kuhifadhi angalau asilimia 70 ya vumbi la Bennu kwa ajili ya watafiti wa baadaye, wakiwemo ambao hawajazaliwa. Maana yake kazi hii imeachiwa watoto wa leo, na hakuna sheria inayosema wetu wasiwemo. Samaki mkunje angali mbichi. Mzazi mwenzangu, mwanao akikuuliza, mketishe, msikilize, umjibu kwa kweli.