Sindano na Hadithi Yake

Huangdi Neijing, kitabu mama cha tiba ya Kichina chenye miaka elfu mbili hivi, kimeandikwa kama maongezi: Mfalme wa Manjano anauliza, tabibu Qi Bo anajibu. Anajibu kwamba mwilini kuna mikondo, na ndani yake hupita chi, nguvu ya uhai. Ikikwama, panauma. Sindano huizibua, mara nyingi mbali na palipo na maumivu. Kichwa kikigonga, unachomwa mkononi, kati ya kidole gumba na cha shahada. Kama hadithi, mimi naipenda sana.

Sasa twende Ujerumani. Mwaka 2007 watafiti walitoa matokeo ya watu zaidi ya 1,100 wenye maumivu sugu ya mgongo. Baada ya miezi sita, kati ya waliochomwa kwenye vituo halisi vya Kichina, asilimia 47.6 walipata nafuu. Waliochomwa juujuu tu, nje ya vituo hivyo: 44.2. Waliotibiwa kwa dawa na mazoezi ya kawaida: 27.4.

Zisome tena hizo namba. Mikondo ya Qi Bo haionekani kuwa na kazi kubwa hapo, lakini sindano inayo. Wengine watasema basi ni geresha. Haya, ila aliyeweza kuinama tena akafunga viatu vyake, ukamwambie nini?

Kinachonisumbua ni yule anayeshika sindano. Li Zhisui, daktari wa Mao, aliandika kwamba Mao alimwambia wazi: tiba ya Kichina anaihimiza, lakini mwenyewe haiamini wala haitumii. Mpishi anapakua, yeye hali! Na daktari wa leo aliyezisoma namba zile, akikueleza habari za chi kwa uso mkavu, ana tofauti gani na Mao?

Mtu atanijibu kuwa hadithi ni sehemu ya dawa, ukiitoa umepunguza dozi. Huenda. Lakini sisi wasomaji wa riwaya tunawalilia watu ambao hawajapata kuzaliwa, na tunajua hivyo tangu jaladani. Machozi hayakauki kwa sababu hiyo.

Mimi ningetaka daktari anipe hadithi ya Qi Bo na namba za Wajerumani, zote mbili, kabla hajafungua pakiti ya sindano. Nikisema "poa, choma," hapo tumeelewana.