Maneno Matano

Andiko: 1 Wakorintho 14:9-11, 18-19, Matendo 2:5-11



Niliahidi kuwaeleza habari za dada yetu aliyeenda Saudia kufanya kazi ya fiziotherapia. Ameniruhusu niseme, mradi nisimtaje jina. Wengi mnaikumbuka ile harambee. Bajeti niliiandika mimi. Si nimesomea biashara? Niliweka kila kitu: ada ya mtihani wa leseni, kuhakikiwa kwa vyeti, vipimo vya daktari, tiketi, na pesa za kula kabla mshahara wa kwanza haujaingia. Hesabu ikakubali mpaka shilingi ya mwisho. Lakini hakuna mahali tuliandika lugha. Ajenti alisema kazi ni ya Kiingereza, na mtihani wa leseni ulikuwa wa Kiingereza kweli. Tukasema amina.

Na ni kweli, kule Riyadh madaktari wanaongea Kiingereza, na faili zimeandikwa kwa Kiingereza. Ila mgonjwa mwenyewe mara nyingi ni shosho anayejua Kiarabu peke yake.

Mwezi wa kwanza aliletewa mama mzee aliyewekewa goti bandia. Goti kama hilo lisipokunjwa mapema linakakamaa. Kwa hivyo ni lazima likunjwe, na litauma kidogo. Kazi ya mtaalamu ni kutofautisha uchungu wa kuvuta, ambao ni wa kawaida, na uchungu mkali unaomwambia asimame. Hapa nyumbani angeuliza, "Mama, inauma aje? Inavuta ama inadunga?" Kule hakuwa na maneno ya swali hilo. Angesoma uso, lakini mama alikuwa amejifunika, macho tu ndiyo yanaonekana. Mjukuu ndiye alikuwa akitafsiri, na mjukuu akatoka nje kupokea simu.

Mama akaanza kusema kwa sauti ya chini, "Bas. Bas. Bas." Dada yetu akasikia "basi" ya kwetu, ile ya "haya basi, tuendelee." Akatabasamu, akaendelea kukunja. Kumbe kwa Kiarabu cha pale bas ni kusema yatosha, acha. Mjukuu aliporudi, macho ya nyanya yake yalikuwa yamejaa machozi. Kesho yake mama akaomba apewe mtu mwingine, na dada yetu hakumhudumia tena.

Usiku huo alinipigia simu akilia. "Pasta, mikono yangu inajua kazi. Lakini leo nimemuumiza mtu huku akiniambia niache."

Sikuwa na jibu la haraka. Nilikumbuka bajeti yangu.

Wapendwa, Paulo anawaambia Wakorintho kwamba watu wawili wasioelewana wanabaki wageni, kila mmoja kwa mwenzake. Hata wakiwa chumba kimoja. Hata mmoja akiwa ameushika mguu wa mwingine. Halafu yeye, aliyemshukuru Mungu kwamba ananena kwa lugha kuliko wote, anasema kwamba kanisani afadhali maneno matano yanayoeleweka kuliko elfu kumi yasiyoeleweka. Sisi Wapentekoste tunayapenda yale elfu kumi. Haya matano tunayaruka.

Na hebu itazame Pentekoste yenyewe. Pale Yerusalemu kulikuwa na Waparthi, Wamedi, watu wa Misri, hata Waarabu wametajwa, mstari wa 11. Roho hakuwaambia wajifunze kwanza lugha ya Wagalilaya ndipo wasikie. Mzigo aliuweka kwa wasemaji. Aliye na kitu cha kutoa ndiye alivuka kumwendea msikilizaji. Huo ndio upendo.

Basi tuliomba kwa simu. Sikuomba ashushiwe Kiarabu kwa muujiza. Nilimwambia aanze na matano. Mtu wa mapokezi akamfundisha kutamka, naye akayaandika kwenye karatasi ya mfukoni: wen, ni wapi. Wajaa, maumivu. Shwai shwai, pole pole. Nafas, pumzi. Na bas. Hilo la mwisho alisema hakuhitaji kuliandika.

Wiki chache baadaye akaletewa mama mwingine, mwenye shida ya bega. Akamuuliza, "Wen wajaa?" Mama akacheka sana. Akamrekebisha, akarudia pole pole kama anayemfundisha mtoto kuongea. Kisha akaushika mkono wa dada yetu na kuuweka penyewe panapouma. Haikuwa begani alipokuwa akikanda. Ilikuwa chini ya shingo.

Nina mambo matatu, kisha nimalize.

Kwanza, wewe unayepanga kusafiri, iweke lugha kwenye bajeti. Ukienda Ujerumani watakudai cheti cha Kijerumani kabla ya kukupa leseni. Ghuba mara nyingi hawakudai Kiarabu. Usifurahie. Usichodaiwa na leseni utadaiwa na mgonjwa. Yesu alisema anayejenga mnara huketi kwanza akahesabu gharama, Luka 14:28. Mimi nilihesabu, na bado niliacha kitu.

Pili, kubali kuchekwa. Diploma yako ni ya kweli, lakini kwenye lugha ya watu wewe ni mtoto wa nasari. Mwenye kiburi hajifunzi lugha, kwa sababu hataki kukosea mbele za watu.

Tatu, tusidhani haya ni ya Saudia tu. Ibada yetu ya kwanza ni Kiingereza mwanzo mpaka mwisho. Kuna shosho huketi safu ya nyuma karibu na mlango. Kwa miaka miwili nimemsalimia kwa Kiingereza, naye hutabasamu. Nilidhani ananielewa. Pengine muda huu wote amekuwa akiniambia bas.

Wiki hii nimemwomba mjukuu wake anifundishe maneno matano ya Kikamba. Jumapili mtanisikia nikikosea. Chekeni tu.

Maombi: Bwana, tusamehe pale tulipowagusa watu bila kuwasikia. Walinde wana wetu walio ugenini. Wape mikono yenye ujuzi, na uwape pia maneno. Katika jina la Yesu, amina.