Asiyekubali Kushindwa si Mshindani

Methali hii twawafundisha watoto ili wajue adabu ya mchezo: ukishindwa, usilie wala usimtukane aliyekushinda. Lakini kwa mtu mzima ina swali zito zaidi. Je, aliyekuwa mwogeleaji hodari ujanani, akaacha, akalea watoto, akafika makamo, ni busara arudi bwawani kushindana, hali akijua kwamba hatazifikia tena sekunde zake za zamani?

Wako wasemao kwamba si busara. Kila umri una kazi yake, husema, na sifa njema ni akiba; mwenye akiba haichezei. Hutoa mfano wa Mark Spitz wa Marekani, aliyepata medali 7 za dhahabu katika Olimpiki za Munich mwaka 1972. Alipopita miaka 40 alijaribu kurudi kwa ajili ya Olimpiki za Barcelona za mwaka 1992, katika mtindo wa kipepeo, lakini hakuufikia hata muda uliotakiwa ili aingie katika mchujo wa nchi yake.

Wengine hujibu kwa mfano wa Dara Torres, Mmarekani vilevile. Huyu alishiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka 1984, akaacha na kurudi zaidi ya mara moja. Mwaka 2008, huko Beijing, akiwa na miaka 41 na mtoto mdogo, alipata medali 3 za fedha. Katika mita 50 za mtindo huru alitumia sekunde 24.07, akashindwa na Britta Steffen wa Ujerumani kwa sehemu 1 tu ya 100 ya sekunde.

Hoja zote mbili zina kasoro moja: zahukumu tendo kwa matokeo yake. Ikiwa Spitz alikosea kwa sababu hakufaulu, na Torres alifanya vema kwa sababu alifaulu, basi hakuna awezaye kujua wema wa tendo lake mpaka mbio zimalizike. Maadili hayawezi kuingojea saa.

Hebu basi tuwatazame wasio mashuhuri. Mwaka 1970, mjini Amarillo, Texas, yalifanyika mashindano ya kwanza ya taifa ya Marekani kwa waogeleaji watu wazima, kwa juhudi za Ransom Arthur, daktari wa jeshi la majini, aliyetaka watu wazima wapate sababu ya kudumu katika mazoezi. Mwaka 1986 yakafuata mashindano ya dunia, huko Tokyo. Washiriki, kuanzia miaka 25, hugawanywa kwa makundi ya miaka mitano mitano. Wapo wanaouita ushindi huo wa kuhurumiana. Lakini makundi hayo hayapunguzi mita za bwawa wala hayaicheleweshi saa.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Mtu wa makamo amezoea kustahiwa. Nyumbani na kazini huamkiwa, hupishwa njia, na makosa yake hufichwa kwa heshima. Bwawani hakuna shikamoo: saa humwambia kila mtu ukweli ule ule. Anayejipeleka mbele yake kwa hiari amekubali kushindwa kabla hajaingia majini, na ukubali huo ndio unaomfanya mshindani. Anayekaa kando kwa kuogopa kuharibu jina lake analinda kivuli tu.

Hata hivyo, kurudi kuna mipaka. Saa za mazoezi zisiwe zimeibwa kwa watoto au kwa mgonjwa anayemtegemea. Wala asirudi ili kuukana umri wake, kwani huyo atauchukia mwili wake kwa kila sekunde inayoongezeka. Aulizwe hivi: ukiambiwa leo kwamba utakuwa wa mwisho, je, utakwenda? Akijibu ndiyo, na aende.

Nasi walimu tulitafakari jambo hili, kwani kazi yetu ni kuwapima wengine kila muhula, ilhali miaka hupita bila sisi wenyewe kupimwa. Ni vigumu kumfundisha mtoto kukubali kushindwa, ikiwa mwalimu wake ameyakimbia mashindano yote.