Mcheza Kwao Hutunzwa, na Mgeni Je?

Tuna methali isemayo mcheza kwao hutunzwa. Mara nyingi tunaitumia kumrudisha mtu nyumbani: kijana aliyeshindwa mjini, msomi aliyesahau kijiji chake, fundi anayedharau wateja wa mtaani kwao. Cheza mbele ya watu wanaokujua, nao watakutuza. Lakini methali hii inasimama juu ya jambo ambalo yenyewe hailisemi: kwamba "kwao" panajulikana ni wapi, na kwamba waliopo hapo wanakubali kuwa mchezaji ni wao.

Nimeanza kulifikiria jambo hili hapa Houston, ninakosoma shahada ya uzamili ya falsafa, baada ya kuzoea kwenda kwenye madansi ya zydeco yanayofanyika katika kumbi za parokia za Kikatoliki. Zydeco ni muziki wa Wakreoli weusi wa kusini-magharibi mwa jimbo la Louisiana, ng'ambo ya mpaka wa Texas. Historia yake ina watu waliocheza kwao wasitunzwe, na wengine waliotengeneza "kwao" mpya mahali ambapo hawakuzaliwa. Swali langu ni hili: dansi ya jamii inapaswa kumfungulia nani mlango, na aliyefunguliwa anadaiwa nini?

Kwa asiyeufahamu muziki wenyewe, kiongozi wake ni kodiani. Pembeni yupo mtu aliyevaa bati lenye mikunjo, limeshikiliwa mabegani na kushuka kifuani kama kizibao, naye analikwaruza kwa vijiko au vifungulio vya chupa. Nyuma yao kuna gitaa, besi na ngoma. Waimbaji wa zamani waliimba kwa Kifaransa cha Louisiana au kwa Kikreoli. Siku hizi Kiingereza kimetawala. Jina zydeco wengi wanalieleza kuwa limetokana na les haricots, yaani maharage, kwa matamshi ya Wakreoli. Wanalihusisha na msemo wa maharage yasiyo na chumvi, kwa maana kwamba nyumba ilikuwa fukara kiasi cha kukosa hata kipande cha nyama ya chumvi cha kutia chunguni.

Kabla jina hilo halijaenea, watu walisema wanakwenda la la. Hiyo ilikuwa dansi ya nyumbani. Familia ilitoa vitanda na viti nje, sebule ikawa ukumbi, chungu cha gumbo kikawa jikoni, na wapigaji wawili watatu wakaketi pembeni. Wachezaji wengi walikuwa wakulima wa kugawana mavuno na mwenye shamba. Kwaresima ilipofika na ala zikanyamaza, waliimba juré, yaani nyimbo za sauti, makofi na vishindo vya miguu. Mwenyeji wa Jumamosi hii aliweza kuwa mgeni Jumamosi ijayo. Hapo methali yetu inakaa vizuri kabisa, kwa sababu anayetuza na anayetuzwa wanabadilishana nafasi.

Sasa mfikirie Amédé Ardoin. Alizaliwa mwaka 1898 katika maeneo hayohayo, mtu mfupi mweusi mwenye sauti ya juu na kodiani ndogo. Kati ya mwaka 1929 na 1934 alirekodi nyimbo ambazo hadi leo ni msingi wa muziki wa Wakreoli na pia wa Wakajuni, yaani majirani zao weupe waliokuwa wakizungumza Kifaransa. Baadhi ya rekodi hizo alizifanya pamoja na Dennis McGee, mpiga fidla mweupe. Wazungu walimwita apige katika madansi yao, naye akaenda. Walicheza kwa muziki wake, wakamlipa, wakamwita tena.

Canray Fontenot, mpiga fidla aliyemfahamu, alikuwa mmoja wa waliosimulia kilichofuata. Usiku mmoja, katika dansi ya wazungu, Ardoin alikuwa akitokwa na jasho, na mwanamke mweupe akampa leso ajifute uso. Wanaume fulani walichukizwa. Alipoondoka walimfuata, wakampiga na kumwacha hoi. Wapo wanaosimulia vingine kuhusu chanzo cha kuanguka kwake. Kilicho hakika ni kwamba alikufa mwaka 1942 katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Pineville, akazikwa katika makaburi ya hospitali hiyo, na kaburi lake halijulikani ni lipi.

Mtu huyu alikuwa kwao. Alizaliwa pale, lugha yake ilikuwa lugha yao, na waliocheza walizijua nyimbo zake kwa moyo. Ukumbi ulikuwa umefungua mlango kwa kodiani tu, na mwenye kodiani akaingia kama chombo cha kubebea muziki. Leso ndiyo iliyoonyesha mpaka ulipo, maana leso hapewi kodiani, hupewa mtu mwenye jasho. Kwetu Tanga, katika taarab, anayekwenda kumtuza mwimbaji humsogelea kabisa, noti mkononi, akicheza, na wote wanaona kwamba amemheshimu mbele ya watu. Tuzo ni fedha, lakini pia ni kukiri hadharani kwamba huyu ni wetu. Ardoin alipewa ujira, na alipokiriwa mara moja tu, kwa kipande cha kitambaa, akapigwa.

Ingekuwa rahisi kusimama hapo na kusema kwamba ubaya ulikuwa wa wazungu na wema ulikuwa sebuleni kwa Wakreoli. Haikuwa hivyo. Louisiana ilikuwa na tabaka la Wakreoli wa rangi nyepesi, wengine wakiwa wazao wa watu waliokuwa huru kabla utumwa haujafutwa, na baadhi yao walilinda nafasi yao kwa kuwatenga weusi zaidi. Simulizi mashuhuri ni ile ya mfuko wa karatasi ya kaki: mlangoni mwa baadhi ya sherehe, ngozi yako ililinganishwa na mfuko, na ukiwa mweusi kuliko mfuko, unarudi ulikotoka. Waliokuwa ndani walikuwa jamii kweli. Walijuana, walioana, walisaidiana katika misiba. Lakini sehemu ya umoja wao ilinunuliwa kwa kumfukuza ndugu.

Kwa hiyo ukiniambia kwamba dansi ya jamii inalindwa kwa kuufunga mlango, nakumbuka mfuko ule. Ukiniambia inalindwa kwa kuufungua kwa kila mwenye hela, namkumbuka Ardoin. Sisemi kwamba mnunuzi wa tiketi wa leo anafanana na wale waliompiga. Ninasema tu kwamba kuupenda muziki na kuulipia hakujawahi kutosha kumfanya mpigaji awe mtu mbele ya macho ya mchezaji.

Swali hili lina uzito leo kwa sababu zydeco ilihama. Katika miaka ya 1920, hasa baada ya mafuriko makubwa ya Mississippi ya mwaka 1927, Wakreoli walifika Houston na kukaa katika mtaa wa Frenchtown, Fifth Ward. Wakati wa Vita Kuu ya Pili na baada yake, wengine walifuata kazi hadi California. Clifton Chenier, aliyezaliwa karibu na Opelousas mwaka 1925 na baadaye kuitwa mfalme wa zydeco, alifanya kazi katika viwanda vya mafuta vya Port Arthur, Texas. Huko ndiko yeye na kaka yake Cleveland walikotengenezewa bati la kuvaliwa mabegani, badala ya ubao wa kufulia uliozoeleka. Nyumba za mjini hazikuwa na sebule za kutosha wala uwanja wa kuegesha farasi. Parokia zikatoa kumbi, na dansi ikawa njia ya kuchangisha fedha za kanisa na pia ya kujua nani bado yupo.

Watu hao walikuwa wametoka mahali ambapo Katiba ya Louisiana ya mwaka 1921 iliamuru kufundisha kwa Kiingereza, na watoto wakaadhibiwa shuleni kwa kusema Kifaransa. Kwao kwenyewe palikuwa pamekataa lugha yao. Waliokuja Houston hawakubeba ardhi. Walibeba namna ya kukusanyika, wakaitandika tena katika ukumbi wa kukodi wenye taa nyeupe na viti vya kukunja. Ndipo nikaanza kuamini kwamba "kwao" ya methali yetu si mahali mtu alipozaliwa. Ni pale ambapo watu wamejifunga kuulizana habari.

Mara ya tatu nilipokwenda, bibi mmoja aliyekuwa akikusanya fedha mlangoni alinitazama akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nilicheka, kwa sababu ni swali lilelile ambalo ningeulizwa kwenye harusi Chumbageni. Nikamwambia hawafahamu wazazi wangu, wako Afrika Mashariki, ng'ambo ya bahari.

"Basi leo wewe ni wangu," akasema, kisha akanionyesha mama mmoja aliyekaa kando ya ukuta. "Yule mume wake alikufa mwaka jana. Hajacheza tangu jioni. Nenda."

"Sijui vizuri walzi, bibi."

"Yeye anajua."

Nilikwenda. Dansi ilipokwisha, bibi yuleyule alinielekeza zinakowekwa meza. Tangu siku hiyo sijawahi kuondoka kabla viti havijakunjwa, na nisipofika anauliza niko wapi.

Immanuel Kant, katika kijitabu chake cha mwaka 1795 kuhusu amani ya kudumu, alitofautisha haki mbili za mgeni. Moja ni haki ya kuzuru: asipokelewe kama adui kwa sababu tu amefika. Nyingine ni ya kukaa kama mgeni wa nyumba, na hiyo alisema inahitaji mapatano mahususi. Ni tofauti yenye maana, lakini haituambii namna mtu anavyotoka katika haki ya kwanza hadi kufika ya pili. Methali yetu inatuambia: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Wengi huisikia methali hiyo kama kero, kana kwamba mwenyeji amechoka. Mimi naiona kama heshima. Angalia kwanza mpangilio wake. Siku mbili zinatangulia, na siku hizo hazina sharti: unakula, unalala, hupimwi kwa chochote. Mlango unafunguliwa kabla ya kujulikana kama wewe ni mtu wa maana. Kisha linakuja jembe, nalo ni kitu ambacho mkono wowote unaweza kukishika, tofauti na rangi ya ngozi, ambayo hakuna anayeweza kuichukua mlangoni. Na aliyelima hawezi tena kuhesabiwa mgeni wakati wa mavuno. Jembe linamdai, na linampa haki.

Kuna pingamizi mbili ninazozichukulia kwa uzito. Ya kwanza ni ya wanamuziki. Bendi haili viti vilivyokunjwa. Tamasha la zydeco la Plaisance, karibu na Opelousas, lilipoanzishwa mwaka 1982 kwa hofu kwamba muziki ungepotea, lilihitaji umati, na umati hauwezi wote kupewa majembe. Nakubali. Tiketi ni haki ya mpigaji, na anayelipa na kuondoka hajamkosea mtu. Ninachosema ni kwamba tamasha linaishi kwa mkopo kutoka kwenye kumbi ndogo, ambako mtoto wa miaka sita anakwaruza bati la mjomba wake na hakuna anayempigia makofi ya pekee. Anayependa tamasha ana sababu ya kujiuliza nani anakunja viti huko.

Pingamizi la pili ni kali zaidi: je, jembe nalo si mfuko mwingine wa karatasi? Vipi kuhusu mwenye haya, mgonjwa, aliyefanya kazi zamu mbili na anataka tu kusahau kwa saa tatu? Jibu langu ni kwamba jembe si mtihani wa kuingilia. Linatolewa ndani, na anayekujua, kwa kadiri ya nguvu zako. Mama aliyekaa kando ya ukuta hakukunja kiti hata kimoja usiku ule. Kazi yake ilikuwa kunivumilia nilipomkanyaga, na kunifundisha. Jamii isiyoweza kumpa dhaifu jembe la saizi yake imeshindwa kazi, na lawama ni ya jamii.

Kwa kipimo hiki, wale waliocheza kwa muziki wa Ardoin hawakukosea kwa kumfungulia mlango. Kodiani ilikuwa jembe lake, na alikuwa amelima kwao kwa miaka. Siku mbili za ugeni zilikwisha kitambo. Walipaswa kumhesabu mtu wa nyumba, na mtu wa nyumba akifuatwa gizani, watu hutoka nje. Ukumbi ulikuwa umejaa wachezaji waliozijua nyimbo zake. Katika masimulizi niliyoyasoma, hakuna aliyetoka.

Mwaka 2018 sanamu yake ilizinduliwa karibu na Opelousas. Ni tuzo, na ninafurahi kwamba imetolewa. Lakini sanamu haihitaji leso. Jumamosi hii bendi itapiga hadi saa saba usiku katika ukumbi usio na feni za kutosha, na mpiga kodiani atatokwa na jasho mbele ya watu mia mbili waliolipa kiingilio. Wengi watamshangilia. Mimi nataka kujua ni wangapi wetu tungetoka nje.