Je, Kuyatembeza Maharage ni Uongo?



Wako vijana siku hizi watengenezao sinema kwa vitu vya nyumbani tu. Simu huegemezwa kwenye matofali isitikisike. Maharage machache huwekwa mezani, picha moja ikapigwa; kisha kila harage husogezwa kama upana wa ukucha, na picha nyingine hupigwa. Zikipitishwa picha 12 kwa sekunde, maharage huonekana yakitembea yenyewe hadi sufuriani. Dakika moja yataka picha 720. Jambo hili si geni: mwaka 1907, huko Marekani, J. Stuart Blackton alionyesha sinema ambamo kisu kilikata chakula bila mkono wa mtu kuonekana.

Wako waulizao: Je, yamfaa Mkristo kukionyesha kitu kisicho na uhai kana kwamba kina uhai? Si hila hiyo? Swali hili tusilibeze, maana sisi wa Kakonko twajua madhara ya hila. Mkoa wetu wa Kigoma umesumbuliwa na watu waitwao kamchape, wajidaio kufichua wachawi. Mtu wa namna hiyo aweza kuchimba uani kwa mjane na kutoa pembe. Na kabla jua halijatua, mjane yule hana jirani tena. Nani aliyeiona pembe ikiingia shimoni?

Basi mkono umefichwa pande zote mbili. Tofauti iko wapi? Sisi twaona iko katika kile atakiwacho mtazamaji. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika nchi ya Kongo, Jean-Michel Kibushi alitoa mwaka 1991 sinema ya picha moja moja, juu ya chura aendaye kwa wakwe zake. Nani atatoka humo akiamini kwamba chura hulipa mahari? Twatakiwa tucheke na kufikiri. Bali mdanganyifu ataka tuogope, tulipe, na tumchukie mtu. Wa kwanza ukimwuliza alivyofanya, atakuonyesha. Wa pili ukimwuliza, atakuita mchawi.

Katika Apokrifa twasoma jinsi mfalme alivyoamini kwamba sanamu ya Beli ilikula chakula. Danieli hakubishana sana. Aliagiza majivu yamwagwe sakafuni mwa hekalu. Asubuhi zikaonekana nyayo za makuhani na jamaa zao, walioingia usiku kwa mlango wa siri.

Kwa hiyo mchezo huu si halali tu, bali una faida. Kijana aliyeyasogeza maharage siku nzima amejua kwa vidole vyake mwenyewe kwamba jicho lake laweza kudanganywa. Huyo, siku pembe itakapotolewa uani kwa mtu, hatashika jiwe upesi. Atauliza kwanza: mkono ulikuwa wapi? Na akiuliza hivyo peke yake mbele ya umati wenye hasira, je, sisi wazee wa Kanisa tutasimama pamoja naye?