Nahodha Aliyeuza Muziki Mtoni

John Streckfus alizaliwa mwaka 1856 katika jimbo la Illinois, Marekani. Mwaka huohuo ndipo daraja la kwanza la reli kuvuka Mto Mississippi lilipofunguliwa pale Rock Island, mji ambao baadaye ungekuwa ngome ya biashara yake. Daraja halijatimiza hata mwezi, meli ya mvuke iitwayo Effie Afton ikaligonga na kuteketea. Wenye meli walikwenda mahakamani, na miongoni mwa mawakili waliolitetea daraja alikuwamo Abraham Lincoln, aliyekuwa bado hajawa rais. Kesi ilikwisha bila uamuzi wa wazee wa baraza, lakini mto ulikuwa umekwisha kushindwa. Treni haisubiri kina cha maji kiongezeke, wala haisimami miezi mizima kwa sababu mto umeganda barafu.

Kwa hiyo Streckfus, mtoto wa familia ya wahamiaji wa Kijerumani na mfanyabiashara wa duka, aliponunua meli zake za kwanza katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, aliingia katika biashara iliyokuwa ikikata roho. Meli za siku hizo zilipeleka mizigo na abiria kutoka mji hadi mji, na kila mwaka reli iliwanyang'anya wenye meli sehemu nyingine ya nauli. Wengi waliendelea kupunguza bei mpaka wakafilisika. Yeye alijiuliza swali lingine: msafiri asiyekuwa na pa kwenda atapanda meli kwa sababu gani?

Jibu lilishuka majini mwaka 1901. Meli ya J.S., iliyobeba herufi za jina lake, ilijengwa makusudi kwa ajili ya matembezi. Haikuwa na shehena ya kuwahisha popote. Ilikuwa na ukumbi mpana wa dansi, ikaondoka gatini, ikazunguka mtoni kwa saa kadhaa, kisha ikawarudisha watu palepale ilipowachukua. Mwaka 1907 kampuni ilisajiliwa kwa jina la Streckfus Steamers, na wanawe wanne, Joseph, Roy, John na Verne, wote walikua wakawa manahodha. J.S. iliteketea kwa moto mwaka 1910. Baba hakurudi nyuma. Mwaka uliofuata alinunua kampuni ya Diamond Jo pamoja na meli zake, na moja baada ya nyingine zikageuzwa. Palipokaa magunia pakawekwa sakafu ya kuchezea. Dubuque ikawa Capitol, Quincy ikawa J.S. Deluxe, Sidney ikaja kuitwa Washington.

Mwenye mtaji yeyote angeweza kuiga sakafu. Kilichomtofautisha Streckfus ni sikio. Alielewa kwamba katika meli isiyokwenda popote, muziki ndio safari yenyewe, na akaununua kwa uangalifu uleule ambao wenzake waliutumia kununua boila. Mwaka 1907 alimwajiri kijana Mweusi kutoka Paducah, Kentucky, Fate Marable, ambaye umri wake ulikuwa kama miaka 17. Marable alipiga piano akiwa pamoja na Mzungu, mpiga fidla Emil Flindt, jambo ambalo kumbi nyingi za nchi kavu zisingelikubali. Juu ya paa la meli alipiga pia kaliope, kinanda kinacholia kwa mvuke wa boila na kusikika maili kadhaa. Funguo zake zilichoma vidole na mvuke ulimwagika kama mvua, hivyo alivaa glavu na koti la mvua. Watu wa miji ya kando ya mto wakisikia mlio ule walijua meli imefika, wakateremka gatini.

Baadaye Marable alipewa bendi yake mwenyewe, akawatafuta wanamuziki New Orleans, ambako meli zilikaa wakati wa baridi. Kuanzia 1919 alikuwa naye Louis Armstrong, kijana wa miaka isiyofika 20, mwenye kipaji kikubwa lakini asiyesoma vizuri muziki ulioandikwa. Kwenye meli za Streckfus kusoma kulikuwa sharti. Mpiga melofoni David Jones alikaa naye nyakati za mapumziko akamfundisha. Wenzake katika bendi, miongoni mwao mpiga ngoma Baby Dodds na mpiga besi Pops Foster, walipitia nidhamu hiyohiyo: mazoezi ya mchana, dansi ya usiku, mji mpya kesho yake, toka New Orleans hadi Minnesota. Wanamuziki wa enzi ile waliziita meli hizo chuo cha muziki, na hawakutia chumvi.

Hata hivyo chuo kilikuwa na mwalimu mkuu asiyetaka mjadala. Nahodha Joseph Streckfus alihudhuria mazoezi na kuupima mwendo wa nyimbo, ili miguu ya wachezaji isichoke wala isilale. Mwaka 1921 familia ilitaka bendi ibadili mapigo yake kufuata mtindo mpya wa dansi uliokuwa ukipendwa. Dodds na Armstrong walikataa, na mwaka huo wakaziacha meli. Hilo lilikuwa kosa la familia. Kampuni iliyojengwa juu ya sikio ilifika mahali ikalisikiliza soko peke yake, na ikampoteza mtu ambaye sauti yake ingekuja kusikika hadi Elisabethville, Lubumbashi ya leo, na Nairobi katika ziara yake ya mwaka 1960.

Lipo kosa jingine, kubwa zaidi. Wanamuziki Weusi walipiga, lakini abiria Weusi hawakuruhusiwa kupanda usiku waliopanda Wazungu. Katika mji wa St. Louis walitengewa Jumatatu. Armstrong alikumbuka jinsi katika baadhi ya miji watu walivyoipokea bendi kwa matusi walipoona rangi yake, na jinsi walewale walivyoanza kucheza muziki ulipowaingia.

Wapo watakaosema mfanyabiashara hawezi kulaumiwa kwa desturi za zama zake. Angefungua milango yote, abiria Wazungu wangemkimbia na wanamuziki wenyewe wangekosa ajira. Hoja hiyo ina uzito, ila haitoshi. Mtu huyuhuyu alivunja desturi ya usafirishaji alipoona faida, na akawaketisha Mweusi na Mzungu kwenye jukwaa moja alipoona wanapatana kwa muziki. Uwezo wa kwenda kinyume na mazoea alikuwa nao. Na Jumatatu ile inathibitisha kwamba pesa ya mtu Mweusi ilikuwa halali kwake, mradi ilipwe kando. Streckfus anastahili kuitwa msanii wa biashara, kwa sababu alisikia kitu ambacho washindani wake hawakukisikia. Sifa hiyo haiwezi kutolewa bila kutaja ni nani aliyeachwa gatini siku sita za juma. Tena kampuni iliyoitwa ya familia ilikula jasho la watu wengi ambao ukoo huo haukuwazaa, Marable akiwa wa kwanza.

Mwanzilishi alifariki mwaka 1925 na wanawe wakaendelea. Mwaka 1940 Joseph alizindua meli ya Admiral, iliyosanifiwa na Maizie Krebs, mchoraji wa mitindo ya mavazi wa St. Louis: mita 114 kwa urefu, sitaha tano, nafasi ya watu 4,400, na kiyoyozi wakati nyumba nyingi za mji hazikujua kitu hicho. Chini ya mapambo yake palikuwa na kiunzi cha Albatross, pantoni la mwaka 1907 lililokuwa likivusha mabehewa ya reli. Marable alifariki mwaka 1947. Baada ya miaka zaidi ya 30 mtoni, alichoacha kwenye santuri ni nyimbo mbili, zilizorekodiwa mwaka 1924. Admiral iliacha safari zake mwaka 1979, baadaye ikawa imefungwa gatini St. Louis, na mwaka 2011 ikakatwakatwa kuwa vyuma chakavu.