Mvua ya Mawe na Pakiti Iliyofungwa

Katika nchi hii ya majani ya chai, tangu vilima vya Kericho hadi mipaka ya Bomet, hakuna mkulima asiyejua maana ya kungoja jambo lisilojulikana. Mvua ya mawe huku kwetu hunyesha mara nyingi kiasi cha kutajwa miongoni mwa ajabu za hali ya hewa ulimwenguni, na mvua moja tu yaweza kulichanachana shamba lililotunzwa mwaka mzima. Bei nayo huamuliwa mbali, katika mnada wa Mombasa, na wanunuzi ambao mchumaji hatawaona maishani mwake. Na bonasi, ambayo ndiyo karo ya watoto na mabati ya nyumba, haijulikani kiasi chake mpaka itangazwe karibu na mwezi wa Oktoba. Basi mtu akiniuliza kwa nini mimi, nikaaye kati ya watu wanaotegemea bahati kiasi hicho, nalaumu mchezo wa karata kwa sababu ya bahati iliyomo ndani yake, swali lake ni la haki, nami nimeshika kalamu kulijibu.

Mchezo ninaousema si ule wa kopa na shupaza ambao watu wazima huucheza vivulini siku ya mapumziko. Ulibuniwa na mwanahisabati wa Marekani, Richard Garfield, ukatolewa na kampuni ya Wizards of the Coast mwaka 1993 kwa jina la Magic: The Gathering, ukafuatwa na mingine mingi, mashuhuri zaidi ukiwa ule wa Pokémon uliozaliwa Japani mwaka 1996. Katika Magic, kila mchezaji hujifanya mchawi mwenye uhai wa alama 20, hujiundia fungu la karata zisizopungua 60 alizozichagua mwenyewe kati ya maelfu, hupata nguvu kutoka katika ardhi azimilikizo, na kwa nguvu hizo huita mazimwi, malaika, majeshi na radi dhidi ya mwenzake.

Uzuri wake sitauficha, maana aupingaye mchezo bila kuujua uzuri wake hawezi kusikilizwa na wale waupendao. Kijana aliyelelewa katika nyumba za kampuni za chai, ambako michai imekatwa ikawa sawasawa hadi upeo wa macho na siku ya mtu hupimwa kwa kilo, hupewa na mchezo huu milki ambayo ndani yake yeye ndiye achaguaye, na milki hiyo, ijapokuwa ya njozi, humtaka akili ya kweli: apime kipi aache ili kipi akipate, avumilie mpaka wakati wa pigo lake ufike, na akishindwa ashindwe mbele ya rafiki yake bila hasira. Wazee wa Kipsigis waliwasimulia wajukuu wao hadithi za mazimwi kando ya moto, na watu wa pwani walilea watoto wao kwa habari za majini na masultani. Njozi ni neema ya Mwenyezi Mungu kwa viumbe vyake, na dini inayostahili jina hilo haimwonei mtu kijicho kwa furaha ya namna hii.

Lakini karata hizo hupatikanaje? Nililiona jambo hilo kwa karibu barazani kwa jirani, mwanawe aliporudi likizo kutoka chuo kikuu. Alitoa mfukoni pakiti ndogo ya karatasi ing'aayo, akaigeuzageuza kwanza kama mtu asiyetaka saa hiyo ipite upesi, kisha akaichana pembeni kwa uangalifu. Karata za mwanzo alizipitisha kwa kidole gumba bila kuzitazama, kwa kuwa alijua kwamba ni zile za kawaida, mpaka akafika kwenye ile ya mwisho, ambayo aliiinamisha mwangani aone kama inametameta. Mama yake, aliyekuwa akichambua mboga, alimwuliza, “Umenunua nini, mwanangu?”

“Sijui bado, mama.”

“Hujui, na pesa umekwisha kulipa?”

Mama huyo hakupata kusoma fikihi, lakini aliuliza swali ambalo mafakihi wa Kiislamu walilishughulikia kwa karne nyingi. Waliuita uuzaji wa kitu kisichojulikana gharari, wakaukataza, wakatoa mifano ya samaki aliye bado majini, ya ndege aliye hewani, na ule unaonigusa zaidi, wa mzamiaji anayeuza mzamo wake mmoja kabla ya kuzama: mnunuzi hutoa fedha, na huenda mzamiaji akaibuka na lulu au akaibuka na mchanga. Pakiti ya karata, ambayo kwa desturi ya awali ilikuwa na karata 15, yaani 11 za kawaida, 3 za wastani na 1 adimu, ni mzamo wa namna hiyo. Wauzaji hujitetea kwamba hii si kamari, kwa kuwa kila anunuaye hupata kitu. Na ni kweli kwamba kanuni ya kwanza ya mchezo, iliyomtaka kila mchezaji aweke karata yake moja rehani ili mshindi aichukue, iliachwa baada ya miaka michache, kwa kuwa ilikuwa kamari dhahiri. Hata hivyo mwenye kulipia lulu akapewa mchanga hafarijiki kwa kuambiwa kwamba mchanga nao ni kitu. Surat al-Baqara yenyewe, inapozungumza juu ya kamari katika aya ya 219, haikanushi kwamba mna manufaa ndani yake. Inayakiri, kisha inahukumu kwamba dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake.

Gharama tuipime kwa mizani ya huku. Kwa bei ya Marekani pakiti moja ni kama dola 5, yaani zaidi ya shilingi 600 zetu kabla ya usafirishaji na ushuru, na mkulima mdogo, kabla ya bonasi, hulipwa shilingi ishirini na kitu kwa kilo ya majani mabichi. Basi pakiti moja ni kilo 25 hivi za majani mawili na kichipukizi, zilizochumwa kwa vidole tangu umande wa asubuhi, zikabebwa mgongoni hadi kituo cha kununulia majani. Wala pakiti moja haimtoshi mtu. Mwaka 2023 kampuni ya Wizards of the Coast ilichapa karata moja pekee ya aina yake, yenye jina la pete ile ya riwaya ya J.R.R. Tolkien ambayo huwafanya watumwa wote wanaoitamani, ikaificha katika pakiti moja kati ya zote zilizouzwa; aliyeipata Kanada aliiuza kwa mwanamuziki Post Malone kwa dola zipatazo milioni 2. Habari hiyo ilienea duniani kote, na habari za pakiti zisizokuwa na pete hakuna aliyezitangaza.

Sasa narudi kwa mkulima na mvua yake. Anayelima hukutana na ghaibu kwa kuwa ndiyo hali ya ulimwengu. Hakuitafuta, hujikinga nayo awezavyo, na hata mawe yakimwangukia, kazi yake ilikuwa kazi na udongo umebaki wake. Zaidi ya hayo, mvua ya mawe haina mwenye duka. Hakuna mtu aliyeificha mawinguni ili amtoze mkulima ada ya kuingoja. Ndani ya pakiti, ghaibu imetengenezwa na binadamu mwenzetu, ambaye angeweza kutuuzia karata tuitakayo ikiwa wazi kwa bei inayojulikana, lakini aliona kwamba kutojua kwetu kuna thamani kuliko karata, akatuuzia kutojua huko, tena na tena. Tumaini, ambalo mtu alipewa limwezeshe kupanda mche ambao huchumwa baada ya miaka, hugeuzwa kuwa bidhaa ya kuisha katika dakika moja ya kuchana karatasi. Na hasara hiyo naiona kubwa kuliko ya shilingi 600.

Bao la Waswahili hunisaidia kuliona jambo hili. Kete ni 64, kila mchezaji ana 32, na kete zenyewe kwa asili ni komwe za bure kutoka mti wa porini. Tajiri akiketi mbele ya mvuvi hana namna ya kununua kete ya nguvu zaidi, naye akifungwa amefungwa na akili. Katika mchezo wa karata za kukusanya mali imeingia ubaoni, na ndugu wawili wa nyumba moja, mmoja mwenye mshahara na mwingine asiye nao, hawaketi tena wakiwa sawa.

Wala asiseme mtu kwamba haya ni mambo ya ng'ambo. Pakiti za kufunguliwa zimekwisha kuingia katika michezo ya simu, na Ubelgiji mwaka 2018 iliyahukumu masanduku ya bahati ya michezo hiyo kuwa kamari. Na simu hiyo hiyo ndiyo ambayo vijana wa Litein, Sotik na Bomet huitumia kubetia mpira. Kenya imebadilisha sheria yake ya kamari ya 1966 kwa nyingine ya 2025, na ni vyema, ila sheria haiwezi kukaa barazani na kila kijana. Kanisa Katoliki, ambalo haliharamishi kila mchezo wa bahati, hufundisha kwamba mchezo huwa haufai unapomnyima mtu mahitaji yake na ya wanaomtegemea, na fundisho hilo naliona limesimama karibu sana na swali la yule mama.

Kwa hiyo, kijana unayesoma haya, mchezo sikukatazi. Karata uitakayo inunue peke yake, ikiwa wazi, kwa mtu anayekutajia bei. Au kubalianeni wewe na wenzako mcheze kwa mafungu yaliyo sawa, kila mtu aione mali ya mwenzake kabla ya kuanza. Na bonasi ya Oktoba itakapofika, kabla hujachana pakiti yoyote, ya karatasi au ya simu, mweleze mama yako unanunua nini.